Herufi za Marashi Kwenye Geti la Mama

Kuna fonti moja ambayo nikiiona tu, hata kabla sijasoma imeandika nini, najua kuna mtu anataka kuniuzia kitu nisichokihitaji. Jina lake sitalitaja, maana wanaoipenda hulitamka kama jina la mtakatifu, na mimi sitaki kuwaongezea ibada. Wewe unaijua. Iko kwenye chupa za marashi, kwenye majarida ya wanawake wasiotoka jasho, kwenye vikopo vya mafuta ya uso, na siku hizi kwenye kila kadi ya harusi kutoka Kericho hadi Sotik. Kila herufi ina mguu mmoja mnene kama nguzo ya kanisa na mwingine mwembamba kama uzi. Chini ya miguu hiyo kuna vijistari vilivyolala, vyembamba vivyo hivyo, mfano wa viatu vya mtu ambaye hana nia ya kukanyaga matope maisha yake yote.

Huku kwetu matope ndiyo barabara. Mvua inanyesha mchana, na asubuhi ukungu unakaa juu ya chai mpaka wachumaji wafike katikati ya shamba. Ukitaka kitu kisomeke huku, kiandike kama unayemwita mtu ng'ambo ya bonde.

Najua ninachosema kwa sababu ni kazi yangu. Nina duka dogo la kuchapa mjini Bomet: kadi za harusi, kalenda, mabango ya mikutano ya injili, na zaidi ya yote vijitabu vya mazishi. Zamani mteja alikuja na picha ya marehemu na kusema, "Wewe fanya vile unajua." Siku hizi anakuja na simu, ananionyesha kadi ya harusi ya mtu wa Nairobi, anagonga kioo kwa kucha na kusema, "Nataka hii mwandiko. Hii ya watu wako na pesa." Nikimwambia haitasomeka, ananitazama kama ninayemwonea wivu marehemu.

Basi nikawachapia familia moja kijitabu cha baba yao kwa herufi hizo, wasifu na nyimbo za tenzi zote, ndogo ndogo ili ziingie. Kilipotoka dukani kwangu kilikuwa safi. Lakini mazishi yetu hayana kadi za mwaliko. Watu walifurika, vijitabu vikaisha, kijana mmoja akakimbizwa sokoni kutoa fotokopi, na fotokopi zilipoisha wakatoa fotokopi ya fotokopi. Kila mashine ilikula nyuzi kidogo. Mwishowe H ilikuwa vijiti viwili visivyojuana, na A ilikuwa mti ulioegemea hewa. Wamama wa kwaya walivishika vile vijitabu, wakavisogeza mbali, wakavirudisha karibu, kisha wakavifunga na kuimba kwa kichwa. Lawama zilikuja kwangu, bila shaka. Hakuna aliyeilaumu fonti, kwa sababu ilikuwa nzuri.

Huko Ndanai kuna mtu alifungua duka la dawa za ng'ombe, akaandikiwa kibao kwa herufi hizo hizo, nyeupe juu ya zambarau. Wiki nzima wanawake waliingia kuuliza kama kusuka kumeanza. Wazee wenye ng'ombe wenye kupe walipita mlango bila kugeuza shingo, wakaenda kwa mshindani wake aliyechora fahali mwenye makengeza. Nilipomwona mwenye duka aliniambia watu wa Ndanai hawajui vitu vizuri. Nilimwambia wanajua sana, ndiyo maana walidhani ni saluni.

Sikatai kwamba ni nzuri. Iweke kubwa, maneno machache, mahali pasafi, na msomaji awe ameketi karibu penye mwanga. Hapo ni nzuri kama kikombe cha kaure. Lakini kikombe cha kaure hukipeleki bomani kumnyweshea ndama.

Sasa nifike kwa mdogo wangu. Tulizaliwa wawili, na yeye ndiye aliyekwenda Nairobi. Anafanya kazi katika ofisi inayotengeneza brosha za nyumba za kifahari, zile zenye ukuta mrefu na mlinzi getini. Kwa maneno mengine, kazi yake ni kuzivisha ploti nguo. Anaijua fonti hiyo kama mimi ninavyojua njia ya kwenda choo, na ukimwachia chakula mezani anaweza kukuambia sahani haina nafasi ya kupumua.

Mama yetu anaishi chini kidogo ya soko la Merigi, na shamba lake la chai linapanda kutoka mtoni mpaka ukingo wa barabara. Baba alipofariki alibaki nalo peke yake, akalitunza peke yake, na kwa miaka mingi hakuna mtu aliyelitamani. Kisha lami ikapita. Tangu hapo kila mwenye gari na viatu vya kung'aa anaona kituo cha mafuta pale ambapo Mama anaona chai. Yeye neno lake lilikuwa moja, na alitwambia sote tukiwa jikoni kwake: "Chai hii niliipanda nikiwa na mimba ya mkubwa wenu. Nikifa mtafanya mtakavyo. Nikiwa hai, nataka kuamka, nichukue kikapu, nichume. Sitaki kumkuta mtu akipima."

Mdogo wangu alisema "sawa, Mama," kwa ile sauti ya mtu anayesubiri mvua ipite. Yeye alikuwa ameanza kuzungumza mambo ya kuuza upande wa barabara tangu lami ilipokuwa bado changarawe. Mimi sijawahi kumwambia Mama auze hata mti mmoja. Niliwahi tu kusema, mara moja au mbili, kwamba ile kona ya juu inayotazama lami ingefaa duka la kuchapa, maana kodi ya mjini inapanda kila mwaka. Duka la mwanawe si kuuza. Hata mtoto anajua hilo.

Halafu siku moja Mama akamkuta mtu akipima. Alikuwa katikati ya mistari ya chai na futi ya chuma mkononi, na mwenzake ameshika ncha nyingine kule chini. Mama alimsimamia akiwa na kikapu mgongoni, akamuuliza anatafuta nini. Yule mtu alisema ameambiwa shamba linauzwa. Nani alimwambia, hakutaka kusema. Mama alinipigia simu kabla hata hajakitua kikapu. Alitaka kibao.

Kibao hicho kila mtu anakijua. Pita barabara yoyote ya nchi hii utakiona, kwenye mabati, kwenye ukuta, hata kwenye jiwe: SHAMBA HILI HALIUZWI. Huandikwa kwa rangi nyekundu, herufi hazilingani, na rangi inachuruzika kama kidonda. Sababu yake ni kwamba kwetu shamba laweza kuuzwa mwenyewe akiwa kanisani. Wanaoliuza huwa wageni, na wakati mwingine huwa wana wa nyumbani, na kibao hakiulizi ni nani kati yao.

Nilikuwa tayari na kopo la rangi. Lakini mdogo wangu alipopata habari alinipigia simu akiwa amechukizwa kabisa.

"Utamwandikia Mama na rangi ya kupaka trela?" alisema. "Huyo ni mama yetu. Niachie mimi. Nitamletea kitu ya heshima."

Nilimwachia. Mtu akikuambia jambo ni la heshima ya mama yako, unabishaje?

Alikileta Pasaka, kimefungwa kwa blanketi kwenye kiti cha nyuma kama mgonjwa. Kilikuwa ubao mweusi, laini, unaong'aa, na katikati yake, kwa dhahabu, mstari mmoja: SHAMBA HILI HALIUZWI. Herufi zenyewe zilikuwa zile zile za marashi. Kila moja imesimama mbali na mwenzake kama wageni wasiosalimiana, na kuzunguka maneno yote kumeachwa weusi mtupu. Niliuliza mbona maneno hayajazi ubao. Akaniambia, kwa upole wa kunikera, kwamba weusi ule ndio unaobeba hadhi.

Mama alikipenda. Lazima niseme hivyo, maana ndiyo kweli. Alipitisha kidole juu ya dhahabu, akakifuta kwa ncha ya leso pale alipogusa, akawaita majirani. Kikatundikwa getini, majirani wakatikisa vichwa kwa heshima, na mdogo wangu akakipiga picha kutoka kila upande akiwa amechuchumaa. Ndugu yangu hajawahi kuchuchumaa kwenye chai ile kwa ajili ya kazi nyingine yoyote.

Mimi nilivuka barabara, nikasimama ng'ambo ya lami, mahali ambapo mtu wa gari angekiona. Ilikuwa asubuhi, ukungu haujaondoka. Nyuzi zote zilikuwa zimetoweka. H zilikuwa nguzo mbili mbili, Z ilikuwa kijiti kilichoinama, na maneno yote yalikuwa yamegeuka ua wa vigingi vya dhahabu. Hukuweza kusoma kitu. Uliona tu kwamba kitu hapo ni cha bei kubwa. Nilirudi nikamwambia mdogo wangu. Akasema watu watasogea karibu wasome, na kwamba hiyo ndiyo maana ya muundo mzuri.

Katika hilo peke yake alikuwa sahihi. Walisogea.

Wa kwanza walikuwa mume na mke kutoka Londiani, watu wapole tu, waliosimamisha gari na kumkuta Mama akimwaga majani ya nepia kwa ng'ombe. Mimi nilikuwa hapo nikimtengenezea mlango wa zizi.

"Mama, hizi nyumba zitaanza kujengwa lini?" mwanamke aliuliza.

"Nyumba gani?"

"Si zile za kwa kibao?"

"Kwani kibao kinasema nini?"

Mwanamke aligeuka kumtazama mumewe. "Sikusoma vizuri," alisema, "lakini inakaa ya estate."

Baada yao wakaja wengine. Wengine walisoma kutoka garini wakapata nusu, wengine hawakusoma kabisa, na wote walifungua geti wakitabasamu. Nguo ile waliyovishwa maneno iliwaambia kabla ya maneno yenyewe. Siku zote wamezoea kuona dhahabu juu ya nyeusi pale ambapo kuna kitu cha kununuliwa, basi wakija hapo wanaona tena dhahabu juu ya nyeusi na kuja na maswali. Kizuri chajiuza, wahenga walisema, na kile kibao kilikuwa kizuri mno kwa kazi ya kukataa. Mama aliacha kuchuma upande wa barabara. Alianza kuamka na kuchungulia kwanza dirishani, yeye ambaye tangu nimjue alikuwa akitoka nje akiimba.

Aliyenimaliza nguvu ni dalali mmoja aliyefika Jumamosi akiwa na shati la maua. Nilimpokea mimi mwenyewe getini, nikamwonyesha ubao kwa kidole, nikamuuliza kama anajua kusoma.

"Mzee, nimesoma," alisema bila kukasirika. "Haliuzwi. Sawa. Sasa tuongee kama watu wazima."

"Tuongee nini na umesoma?"

Alicheka kidogo, kama mtu anayemfundisha mtoto wa dada yake. "Mtu hataki kuuza anaandika na rangi nyekundu. Hapa mtu ameandika na dhahabu. Hiyo si kukataa, mzee. Hiyo ni kupandisha bei."

Nilimfukuza. Lakini usiku sikuweza kubishana naye hata kichwani mwangu. Miaka yote nimekaa na fonti hiyo, nimeitukana, nimeichapa, nimelaumiwa kwa ajili yake, na hakuna aliyewahi kuniambia jambo la kweli hivyo kuihusu. Maneno yalisema hapana, na herufi zikakonyeza jicho.

Nilimpigia mdogo wangu nikamweleza. Nilitarajia aibu. Nilisikia furaha ambayo hakuwahi kuificha vizuri.

"Kumbe watu wanaona thamani yake," alisema.

"Thamani ya nini? Ya kibao ama ya shamba?"

"Usianze," alisema, akakata simu.

Kama alikusudia tangu mwanzo, mimi sijui. Nimemfikiria kwa mabaya na nimemfikiria kwa mema. Huenda hajui yeye mwenyewe. Mtu aliyezoea kushona nguo za harusi, ukimwambia ashone sanda ataitia lesi.

Siku iliyofuata niliteremsha ubao ule, nikachukua bati kuukuu la paa la banda la kuku, nikaandika mwenyewe kwa rangi nyekundu na brashi ya kupaka milango. Herufi zilikuwa nene, miguu yote sawa, na mwishoni nafasi iliisha ikabidi niibane I pembeni. Ilichuruzika vizuri. Ilisomeka kutoka kanisani, ng'ambo ya bonde. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyefungua geti akitabasamu, na yule dalali wa shati la maua nilimwona akipita na gari polepole, akasoma, akakanyaga mafuta.

Nilimleta Mama aione kazi. Alisimama mbele ya bati akiwa amekunja mikono.

"Sasa panaonekana kama kwa mtu mwenye kesi," alisema.

"Lakini inafanya kazi, Mama."

"Hata mbwa wa jirani anafanya kazi."

Niliumia, sitaficha. Nilikuwa nimemwondolea watu getini, na yeye ananifananisha na mbwa wa jirani. Lakini alipogeuka niliona kwamba yeye ameumia zaidi. Alisema ubao ule mweusi ndio mara ya kwanza mtu kuandika jambo lake vizuri. Jina lake liko kwenye kitambulisho na kwenye kadi ya kupimia majani, na kote wamelikosea. Nilitazama chini. Katika miaka yote ya kuchapa majina ya watu, la kwake sikuwahi kulichapa mahali popote.

Aliniambia nibebe ubao niuingize ndani. Nilidhani anataka kuuweka stoo. Alinionyesha ukuta wa sebule, juu ya redio, unaotazamana na makochi.

"Mama, kibao cha getini hakitundikwi sebuleni," nilisema. "Humu nani atakisoma?"

"Piga msumari," alisema.

Nikapiga.

Krismasi mdogo wangu alikuja na watoto wake na begi la ngozi ambalo hakuliacha garini. Lilikuwa halijafungwa vizuri, na kwenye pengo niliona kona ya brosha: picha ya kituo cha mafuta, anga ya samawati, na juu yake herufi za dhahabu zenye miguu isiyolingana. Sikuhitaji kusoma. Nilimtazama akiitazama saa yake, nikajua anasubiri sahani ziondolewe.

Mama alikuwa amepanga viti mwenyewe. Watoto chini, sisi wawili kwenye kochi, uso kwa uso na ukuta. Mwanga wa mlango ulikuwa ukiingia wote. Kabla ya kuombea chakula alimgeukia mdogo wangu.

"Weri," alisema, yaani kijana, kama alivyokuwa akituita tukiwa wavulana, "nisomee ile ya ukutani. Macho yangu siku hizi hayafiki."

Huyu ni mwanamke anayeona mdudu chini ya jani la chai akiwa amesimama. Mdogo wangu alicheka.

"Mama, si ni mimi niliiandika?"

"Ndiyo. Kwa hiyo wewe unaijua. Soma."

Akasoma. "Shamba hili haliuzwi."

"Tena. Watoto hawakusikia."

Akasoma tena, na safari hii hakucheka. Watoto wake walimtazama, wakatazama ubao, wakamtazama tena. Nilimwona akilisukuma begi chini ya kochi kwa kisigino, taratibu, kama mtu anayeficha kiatu kilichotoboka.

Nilifurahi. Kwa nini niseme uongo? Nilifurahi sana, nikanyoosha mkono nichukue chapati.

"Na wewe," Mama alisema.

Mkono ulibaki hewani. "Mimi? Mama, mimi ndiye niliyewafukuza. Mimi sijamleta mtu yeyote hapa."

"Duka lako linataka kona yangu, sivyo?" alisema bila ukali wowote. "Nilizaa wawili. Soma."

Niliinua macho. Pale nilipoketi, karibu hivyo, penye mwanga hivyo, hakuna uzi hata mmoja uliokuwa umepotea. Kila H ilikuwa na mkono wake, kila A ilikuwa na miguu yote miwili, na mimi, bwana ninayelalamika miaka yote kwamba herufi hizi hazisomeki, sikuwa na pa kujificha.

Nikasoma kwa sauti, mpaka mwisho. Mama akafumba macho, akaombea chakula.